Paneli Tatu Juu ya Gari la Shangazi

Jinja, 4 Machi 1996

Mwanangu Tonny,

Pokea salamu kutoka kwangu. Mimi mzima, ila mguu wa kushoto bado unavimba nikisimama sana, na siku hizi hakuna tena wa kunisimamisha. Cissy hajambo? Na binti yenu, ameanza kutembea au bado mnambeba kama kifurushi? Msalimie kaka yangu Wanyama, baba yako, umwambie barua yake nimeipata na sitaijibu.

Najua unajua alichoandika. Nimestaafu magereza mwisho wa mwezi uliopita, baada ya miaka ishirini na sita, na nyumba ya kambi natakiwa kuiacha mwisho wa Juni. Baba yako ameshanisafishia chumba nyuma ya nyumba yake huko Busiu, kile alichokuwa akiwekea mahindi. Anasema mwanamke wa umri wangu, hana mume, ana ugonjwa wa sukari, mahali pake ni kwa kaka yake. Nasema hapana. Miaka yote hiyo nimelala nyuma ya geti ambalo ufunguo wake ni wa serikali, na sitoki kwenye geti moja niingie kwenye jingine.

Nimenunua gari, Tonny. Ni lile gari refu lililokuwa la zahanati ya misheni, wameliuza kwa mnada. Ndani mtu anasimama wima. Nimeweka kitanda, jiko la mafuta ya taa, na cherehani yangu ya miguu. Leseni ninayo tangu mwaka 1974. Wanawake niliowafundisha kushona gerezani wametawanyika kila mahali, Iganga, Tororo, Bubulo, na kila mmoja aliniaga kwa kusema nikitoka niende kwake. Sasa nimetoka. Nitashona sare za shule kwenye vituo vya biashara na nitalala ndani ya gari langu.

Kilichobaki ni friji. Insulini ikipata joto inaharibika, na mimi bila sindano ya asubuhi na jioni sifiki mbali. Wewe ndiye fundi wa friji za chanjo zinazotumia jua. Nipigie hesabu: friji ndogo moja ya volti kumi na mbili, wati hamsini, taa mbili za wati nane, na redio. Paneli ngapi, betri ngapi? Nusu ya paa imechukuliwa na gurudumu la akiba na kifuniko cha hewa, kwa hiyo pana nafasi ya paneli nne tu za wati hamsini. Nimepima mwenyewe kwa kamba.

Usinijibu kwa mahubiri. Nijibu kwa namba.

Ni mimi shangazi yako,
Gorreti Nabifo


Mbale, 29 Machi 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hapa Namakwekwe tunaendelea. Binti ameanza kutembea na jana ameingia kwa jirani akatoka na mwiko wao. Cissy anakusalimu. Mvua zimeanza na chumba chetu kinavuja upande wa mlango, lakini mwenye nyumba ameahidi bati jipya.

Nimepiga hesabu kama ulivyotaka. Friji ya wati hamsini kwa saa ishirini na nne ni wati-saa 1200. Taa zako mbili kwa saa nne ni 64. Redio ya wati kumi kwa saa tano ni 50. Jumla 1314. Ongeza robo ya umeme unaopotea kwenye nyaya na betri, inakaribia 1640. Jua la uhakika msimu wa mvua ni saa tatu kwa siku. Hapo unahitaji paneli kumi na moja. Betri za kukuvusha siku nne za mawingu, bila kuzimaliza zaidi ya nusu maana zitakufa, ni tisa za ampea mia. Betri moja ni kilo thelathini. Paa lako lina nafasi ya paneli nne, na gari hilo halitapanda mlima wowote na betri tisa ndani.

Kwa hiyo si mimi ninayekataa, Shangazi, hesabu ndiyo inayokataa. Baba amepaka chumba chokaa. Fikiria tena, tafadhali.

Mwanao,
Tonny Mafabi


Jinja, 16 Aprili 1996

Tonny,

Sisi wazima. Nafurahi kwa mtoto. Mwiko wa watu urudisheni.

Hesabu yako niliisoma mara moja nikaumwa. Niliisoma mara ya pili, nikaona jambo. Umeandika friji saa ishirini na nne. Mimi nimekaa na friji ya mesi ya maofisa, ninajua inanguruma halafu inanyamaza. Nikajiuliza, ikinyamaza inakula nini?

Nikaenda Budondo, kituo cha afya, kwa sababu nilisikia wana friji ya jua. Yupo pale mganga mmoja anaitwa Isabirye, kijana mpole mwenye miwani. Nikamwambia nataka kukaa na friji yake.

"Mama, hii friji iko ya chanjo, hapana ya soda," akasema.

"Sina soda. Mimi nataka kuhesabu yeye."

"Kuhesabu friji?"

"Mimi nilihesabu wafungwa asubuhi na jioni, miaka makumi mbili na sita. Friji moja itanishinda?"

Akanipa benchi. Nilikaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na saa yangu ya mkononi na daftari. Kina mama walioleta watoto kuchanjwa walidhani nimetumwa na wizara, mmoja akanionyesha kadi ya mtoto bila kuulizwa. Kila mota ilipowaka niliandika, kila ilipozima niliandika. Kwa saa kumi imefanya kazi saa tatu na dakika ishirini na mbili. Ukiipa siku nzima, na usiku una baridi, haizidi saa nane.

Nilipofunga daftari ndipo nikaona karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya friji. Imeandikwa: Mota inafanya kazi saa 8 kwa siku. Paneli 3, betri 2. Usiweke soda. Na chini: T. Mafabi, 1993. Hiyo nane yako ya viduara viwili vilivyobandikwa niliikemea tangu ulipokuwa darasa la nne, ukiishi kwangu. Sikuhitaji hata kusoma jina.

Basi mwaka 1993 mota ilifanya kazi saa nane, na mwaka 1996, kwa shangazi yako, inafanya ishirini na nne. Sikuwa nimelia tangu kaka yako mkubwa azikwe. Siku hiyo ya Budondo nilikaa kwenye gari nikalia, kwa hasira.

Sitaki samahani. Nataka hesabu ya kweli, na nataka kujua ni nani aliyekuambia uniongopee.

Gorreti Nabifo


Mbale, 30 Mei 1996

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimechelewa. Barua hii nimeianza mara nne. Cissy ndiye aliyeniambia kama naweza kuandika uongo kwa siku moja, basi kwa wiki sita naweza kuandika ukweli.

Ni baba. Alikuja hapa Namakwekwe siku barua yako ya kwanza ilipofika, akakaa kitandani kwetu na kofia mkononi. Alisema watu wa Busiu watasema dada yake Wanyama analala kwenye gari kama mwizi, na kwamba wewe hubishani na mtu ila unakubali namba. Akasema, "Piga hesabu, lakini iwe kubwa." Nikapiga. Sikufanya kwa ajili yake peke yake. Niliogopa. Nilijiona siku moja nimetumwa mahali nisipopajua, nafungua mlango wa gari hilo, na wewe uko ndani peke yako. Nilidhani ni afadhali unichukie ukiwa chumbani kwa baba.

Hesabu ya kweli ni hii. Friji, saa nane, wati-saa 400. Taa 64, redio 50. Jumla 514. Ongeza robo ya kupotea, inakuwa kama 640. Jua la Jinja, hata mwezi mbaya, nakupa saa nne na nusu. Hapo wati mia na arobaini na kidogo, yaani paneli tatu za hamsini. Betri: 514 kwa volti kumi na mbili ni ampea-saa 43 kwa siku. Siku tatu za mawingu ni 129. Usishushe chini ya nusu, basi zidisha mara mbili, 258. Betri tatu za mia. Budondo ziko mbili kwa sababu hawasikilizi redio. Ukiiacha redio utapata nafasi kidogo ya kupumua.

Mchoro wa nyaya nimeuambatanisha, mpe fundi wako. Betri zifungwe chini, katikati ya magurudumu, na ziwe na tundu la hewa nje, maana zinapochajiwa zinatoa hewa inayoweza kulipuka.

Baba hajambo. Amepungua mwili kidogo, na siku hizi anakunywa maji sana, jagi zima likiisha anaomba jingine. Tunasema ni joto.

Sitakuongopea tena.

Tonny


Jinja, 8 Julai 1996

Tonny,

Salamu kwa Cissy na mtoto. Kambini nimetoka tarehe 30, niko kwenye uwanja wa gereji ya fundi Muhamad. Redio haitoki kwenye hesabu, na ukome kuitaja.

Paneli tatu nimezipata, betri tatu nimezipata, Muhamad amefunga kila kitu kama mchoro ulivyosema. Siku ya kwanza friji ilipoa vizuri nikapiga makofi. Siku ya tano imekufa. Nimepima maji ya betri kwa kile kipimo cha mpira, zote tatu ziko chini kabisa. Wala mawingu hayakuwepo, jua la Jinja lilikuwa linaunguza watu njiani. Chupa mbili za insulini nimezitupa. Siku mbili nimekwenda hospitali kuchomwa sindano na kupanga foleni na watu wanaosema, mama, si urudi kwenu?

Nieleze. Kama umeniongopea mara ya pili, usiandike tena kwangu, hata kwenye msiba.

Na jambo jingine. Unaniandikia kwamba baba yako amekonda na anamaliza jagi la maji, halafu unapita hivihivi kama unazungumzia kuku? Mimi nilianza hivyohivyo. Anaamka kukojoa mara ngapi? Mpeleke akapimwe.

G.N.


Mbale, 15 Julai 1996

Shangazi,

Shikamoo. Nimempa dereva wa basi barua hii akuletee mkononi, posta itachelewa.

Sijakuongopea. Niambie kitu kimoja tu: gari umeliegesha wapi?

Baba anakataa kupimwa. Anasema hospitali ni ya wagonjwa.

Tonny


Jinja, 2 Agosti 1996

Mwanangu Tonny,

Wote hamjambo? Mimi sijambo kidogo, nimeanza kushona tena.

Gari lilikuwa chini ya mfenesi. Muhamad na mimi tulilisukuma tukaliingiza kivulini vizuri hadi paa lote likapoa. Gerezani lori likiachwa juani dereva anaandikiwa kosa, na mimi nilitaka dawa yangu ikae baridi. Mtu yeyote mwenye akili anaegesha kivulini. Kwenye mchoro wako wote ule, na mishale yake, hakuna mahali ulipoandika kwamba nyumba hii inatakiwa kukaa juani.

Nimelisogeza.

Muhamad alicheka mpaka akakaa chini. "Afande, sisi tulifichia paneli jua!" Nilimpa kazi ya kuosha paa. Betri zilichukua siku tisa kurudi juu. Ameunganisha pia waya kutoka kwenye injini, ili nikiwa safarini zijae. Sasa napima asubuhi na jioni, naandika kwenye daftari, na wiki hii nzima hazijashuka chini ya robo tatu. Joto ndani mchana ni la kuoka mkate, lakini friji inavumilia na mimi natoka nje kushona.

Baba yako hukumwambia kwamba friji ilikufa. Najua, maana angekuwa ameshafika hapa na kofia yake. Hilo nimeliona.

Mpeleke hospitali. Usimwombe. Mwambie mnakwenda kununua misumari, ukifika mjini unakata kona.

Shangazi yako


Mbale, 11 Septemba 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni kweli kuhusu mchoro, na nimejicheka. Vituo vya afya havihami. Sijawahi kumfungia jua mtu ambaye kesho atakuwa mahali pengine.

Misumari ilifanya kazi. Baba ana sukari, na imepanda sana. Walimlaza siku sita. Daktari amemwanzishia sindano, asubuhi na jioni kama wewe. Amerudi Busiu wiki iliyopita na chupa yake. Umeme haujafika kwake, unajua. Anaiweka kwenye kitambaa kibichi ndani ya sufuria, na anabadilisha maji kila saa kama mlinzi. Nimeomba idarani friji kuukuu nimtengenezee, wamesema labda mwakani.

Nilimwambia una friji. Akabadilisha kwanza maji ya sufuria. Halafu akasema uje ukae kwenye chumba chako, na hiyo friji uingie nayo. Nilimjibu kwamba friji haitoki kwenye gari na wewe hutoki kwenye gari. Hajazungumza nami tangu Jumapili. Shangazi, ninaogopa kwa ajili yake, na safari hii sina namba ya kumdanganya mtu. Njoo.

Tonny


Bubulo, 12 Oktoba 1996

Mwanangu Tonny,

Pokeeni salamu, wewe na Cissy na huyo mwizi wa miiko. Mimi mzima. Nakuandikia nikiwa nje ya gari, kwenye stuli, uwanja wa shule ya Bubulo, na nguo kumi na nne za kushona mbele yangu.

Nilifika Busiu Jumamosi iliyopita. Nyuma ya nyumba pale kuna kivuli kizuri cha migomba. Nikakipita, nikaegesha katikati ya uwanja, juani, pale anapoanikia mahindi. Baba yako akatoka na fimbo. Hakunisalimu. Akanisemesha Kiswahili, lugha ya kambini, kama afanyavyo akitaka kunikumbusha kwamba mimi ni mtu wa kambi.

"Afande, toa hiyo gari kwa mahindi yangu."

"Mahindi isogee. Mimi nakula jua."

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Saa nane akamtuma mama yako na ile chupa kwenye kitambaa. Nikaipokea, nikaitia kwenye friji isiharibike, nikamwambia: mwenye kuchomwa sindano aje mwenyewe, mlango wangu unagongwa. Tonny, usinione katili. Yeye amenipangia maisha miezi saba kwa barua na kwa mdomo wako, na hakuwahi kuja kuuliza gari lenyewe likoje.

Saa kumi na mbili jioni akagonga. Nikafungua. Akasimama mlangoni, akaangalia kitanda, taa, cherehani, akaangalia friji ikinguruma. Akaweka kiganja chake juu yake. Amekonda, mwanangu, shingo yake imekuwa ya mzee, na hapo nilisahau maneno yote niliyokuwa nimeyapanga. Sindano hakuiweza. Nikamchoma mimi, pajani, nikamwonyesha namna ya kubana ngozi. Chumba hakukitaja. Mimi pia sikukitaja.

Akaja hivyo asubuhi na jioni, siku nne, na kila mara alikaa kidogo zaidi. Jumatano jioni nikamwambia kesho naondoka, nina sare za Bubulo.

"Na dawa yangu?"

"Dawa yako iko ndani ya friji, friji iko ndani ya gari, na gari linaondoka saa moja. Tonny akipata ile friji atakufungia yako nyumbani, sasa anajua hesabu ya kweli. Mpaka siku hiyo, nikigeuza gari nitakuwa nimerudi baada ya wiki tatu. Kuna nafasi ya godoro chini. Chupa mbili hazibadilishi ampea."

Akasema hawezi kulala kwenye gari kama mwizi. Nikasema sawa, sufuria lake analo, chupa nitamwachia mlangoni. Nikazima taa. Sikulala, nakuambia ukweli. Nililala macho nikijiambia nikibaki kwa ajili yake siku moja, nitabaki siku zote.

Alhamisi nilipotoka kuosha uso alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele. Amevaa lile koti alilovaa kwenye harusi yako, na begi lake liko mapajani. Sikumuuliza kitu. Niliwasha injini, nikapima betri zangu kama kawaida, tukaondoka.

Kituo cha biashara cha Busiu kilikuwa kimejaa, siku ya soko. Watu waliacha kupima mahindi wakasimama barabarani kutuangalia, na wengine wakaanza kuitana. Nikakanyaga mafuta tupite haraka, nikidhani anaona aibu. Baba yako akaniwekea mkono begani, akaniambia kwa Kigisu chetu cha nyumbani, kwa sauti yake ya zamani, nipunguze mwendo, watuone vizuri.

Shangazi yako,
Gorreti